Barua ya wazi: Panya azuiwe gatini, asifike kisiwani

Dar es Salaam

Kwa Waziri mwenye dhamana ya mazingira;
Kwa Mamlaka ya Usimamizi wa Bandari Tanzania;
Kwa Kitengo cha Hifadhi za Bahari na Maeneo Tengefu;
Kwa Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania;
Kwa wakurugenzi wa Manispaa za Kinondoni na Kigamboni.

YAH: KUZUIA PANYA NA VIUMBE VAMIZI WENGINE KUINGIA VISIWA VYA PWANI YETU

Waheshimiwa,

Tunawaandikia kuhusu Bongoyo, Mbudya, Pangavini, Fungu Yasini na Sinda, na kuhusu Kisiwa cha Latham, ambacho wavuvi wanakiita Fungu Kizimkazi, wanakotaga ndege wa baharini juu ya mchanga mtupu. Lakini inatubidi tuanzie mbali, kusini kabisa mwa dunia, kwenye visiwa vya baridi vyenye watafiti wachache na mabaharia wanaopita. Huko ndiko kazi ya kuondoa panya visiwani imefanywa kwa ukubwa ambao haujapata kufanywa kwingine, na huko ndiko mabadiliko ya tabianchi yameonyesha waziwazi jinsi yanavyompa mvamizi nguvu. Waliofanya kazi hiyo walikuwa na msaidizi mmoja ambaye sisi hatunaye, yaani majira ya baridi. Kwa sababu hiyo tunaamini mpango wetu hauwezi kuwa nakala ya mpango wao.

South Georgia, katika Atlantiki ya Kusini, ni kisiwa chenye urefu wa kilomita 170 hivi, chenye milima na mito ya barafu inayoteremka hadi baharini. Panya waliletwa na meli za wawinda sili na nyangumi. Wakala mayai na makinda ya ndege wanaotaga ardhini na mashimoni, na yule ndege mdogo mwimbaji asiyepatikana popote pengine duniani akabaki hasa kwenye visiwa vidogo vya pembeni ambako panya hawakufika. Barafu ndiyo iliyowazuia panya wasitawale pwani yote. Iliikata pwani vipandevipande, na panya hawezi kuivuka. Joto lilipopanda, barafu ikaanza kurudi nyuma na fukwe zikawa zinafunguka kati ya kipande na kipande. Wahifadhi wakaona kwamba wakichelewa vipande vitaungana, na badala ya kusafisha kipande kwa kipande watalazimika kukitibu kisiwa kizima kwa mkupuo mmoja. Wakaingia kazini kwa awamu tatu, mwaka 2011, 2013 na 2015. Helikopta zilimwaga zaidi ya tani 300 za chambo chenye sumu ya brodifakumu. Mwaka 2018, baada ya ukaguzi uliotumia pia mbwa wanusaji, kisiwa kilitangazwa kuwa hakina panya. Gharama ilifika takriban pauni milioni 10 za Uingereza.

Kwa nini ilifaulu? Kazi ya namna hii haina alama ya asilimia 99. Kila panya lazima ale chambo. Mimba ya panya ni siku 21 hadi 23, uzao mmoja kwa kawaida ni watoto sita hadi wanane, na watoto hao huanza kuzaa wakiwa na umri wa miezi mitatu hivi, kwa hiyo jike mmoja mwenye mimba akisalia, fedha zote zimepotea. Kwenye visiwa vya baridi chambo humwagwa kuelekea majira ya baridi au katikati yake kwa sababu wakati huo chakula kimekwisha, panya wamepungua na wana njaa, hawazaani, na ndege wengi ambao wangekula sumu kwa bahati mbaya wameshaondoka. Ukiliondoa hata moja kati ya hayo, uwezekano wa kufaulu unashuka.

Na joto linayaondoa. Kisiwa cha Marion, kilicho chini ya Afrika Kusini, kina panya wadogo walioletwa na wawinda sili karne ya 19. Paka waliletwa mwishoni mwa miaka ya 1940 ili kuwapunguza. Wakageukia ndege, na paka wa mwisho aliondolewa mwaka 1991. Wakati huohuo kisiwa kimepata joto zaidi na mvua kidogo kuliko zamani. Kiangazi kimerefuka, panya wanazaana kwa muda mrefu zaidi, na wamekula wadudu wa kisiwa hicho mpaka wakapungua mno. Kisha wakaanza kuwala ndege wakiwa hai. Albatrosi hajui kujihami dhidi ya mnyama wa ardhini, anakaa juu ya kiota huku panya wanamtafuna usiku. Mwanzoni walikuwa makinda. Mwaka 2023 waliokutwa wameuawa walikuwa ndege wakubwa. Tunawaomba msilichukulie jambo hilo kama ajabu ya mbali. Panya hao walikaa huko zaidi ya karne moja wakionekana kama kero ndogo, mpaka hali ya hewa ilipobadilika.

Kufaulu nako hakuna uhakika hata pale penye baridi. Kisiwa cha Gough, katika Atlantiki ya Kusini, chenye kilomita za mraba 65, kilimwagiwa chambo katikati ya mwaka 2021 kwa maandalizi ya miaka mingi. Desemba ya mwaka huohuo panya akaonekana. Kwenye kisiwa cha Macquarie cha Australia hali mbaya ya hewa ya mwaka 2010 ilisimamisha helikopta baada ya sehemu ndogo tu kupata chambo, na mamia ya ndege wala mizoga wakafa kwa sumu iliyokuwa imemwagwa. Timu ilirudi mwaka 2011 ikiwa imebadilisha mpango. Kwanza ilieneza kirusi cha sungura ili mizoga yenye sumu iwe michache, kisha chambo kikafuata, na watu wakawa wanaokota mizoga kwa mikono. Kisiwa kilitangazwa kuwa safi mwaka 2014, kwa gharama ya takriban dola milioni 25 za Australia. Kabla ya hapo waliondoa paka kwanza, wakamaliza mwaka 2000. Sungura wakaongezeka mpaka wakapita 100,000 na kuzilaza nyasi za miteremko yote. Mpangilio wa nani aondolewe kwanza ni sehemu ya kazi yenyewe.

Hatari haiko kwa panya peke yake. Kerguelen, kisiwa cha Ufaransa kusini mwa Bahari ya Hindi, bahari hii hii yetu, kilipata nzi wa mizoga kutoka nje mwishoni mwa miaka ya 1970, wakati joto lilipofikia kiwango kinachomwezesha kumaliza mzunguko wa maisha yake. Sasa anagombea mizoga na nzi wa asili wa huko, ambaye hana hata mabawa. Na wasafiri waliokaguliwa wakielekea Antaktika msimu wa 2007 na 2008 walikutwa na wastani wa mbegu 9.5 kila mmoja, zimejificha kwenye nguo, viatu na mifuko.

Sasa turudi kwetu. Sisi hatuna majira ya baridi. Visiwa vyetu vina chakula mwaka mzima: tunda hili likiisha lile linaanza, na mabaki ya samaki na chipsi hayakosekani kwenye mabanda ya wageni. Panya wetu huzaana miezi yote. Tena kuna kaa wa nchi kavu, wanaobeba chambo usiku na kukila kabla panya hajakikuta. Sumu za kuzuia damu kuganda, kama brodifakumu, haziwaui kaa, kwa hiyo hawapungui, wanaendelea kula tu. Kwa sababu hizi, kazi za kuondoa panya kwenye visiwa vya joto hushindwa mara nyingi zaidi kuliko kwenye visiwa vya baridi. Henderson, katika Pasifiki ya Kusini, ilimwagiwa tani 75 za chambo mwaka 2011. Walisalia panya makumi machache tu kati ya makumi elfu, na kisiwa kikajaa upya.

Haimaanishi haiwezekani. Chumbe, hapo Zanzibar, iliondoa panya mwaka 1997, na ni kisiwa kidogo chenye usimamizi wa karibu kila siku. Lakini kwa nchi yenye bajeti kama yetu, hesabu iko wazi kwamba shilingi inayotumika kumzuia panya apandapo boti ina thamani kuliko nyingi zitakazotumika akishashuka. Tumeshaliona hili bila kwenda kisiwani. Kunguru aliletwa Zanzibar kutoka India miaka ya 1890, akavuka hadi Dar es Salaam, na kila kampeni ya sumu na mitego iliposimama alirudi kwa wingi. Dumuzi wa mahindi alionekana Tabora mwishoni mwa miaka ya 1970. Wakulima wakampachika jina la Scania, na mpaka leo hakuna mkoa unaohifadhi mahindi bila kumhesabu. Hao wawili tumekubali kuishi nao. Visiwani bado tuna nafasi ya kuchagua.

Ombi letu la kwanza linahusu gati. Sahani ya kuzuia panya kwenye kamba ya meli iwe na kipenyo kisichopungua sentimeta 90, ikae mbali na ubavu wa meli na mbali na ukingo wa gati, na ibane kamba bila kuacha upenyo katikati. Kasoro zinazofanya kazi hii iwe bure ni zilezile katika bandari yoyote. Sahani huwa ndogo, au imelala ikaegemea kamba ya jirani na panya akavuka juu yake. Kamba mbili zinagusana, moja ina sahani na nyingine haina. Kubwa kuliko zote ni ngazi ya meli iliyoachwa chini usiku kucha bila taa wala mlinzi. Panya hupenda giza. Ngazi ipandishwe, au imulikwe na ilindwe. Cheti cha usafi wa meli chini ya Kanuni za Afya za Kimataifa za mwaka 2005 hudumu miezi sita, na katika miezi sita panya anaweza kuwa amezaa mara kadhaa. Kwa chombo chochote kinachopeleka shehena kisiwani, tunaomba ukaguzi wa macho kila mwezi: ghala, jiko, chini ya mbao za sakafu, ndani ya maboya na marundo ya kamba. Mkaguzi atafute kinyesi, alama za mafuta ya manyoya kwenye mabomba, na magunia yaliyotobolewa pembeni.

Lakini tuseme ukweli, hatari kubwa kwa Bongoyo na Mbudya haiko kwenye meli ya kontena. Iko kwenye boti ya fiberi au mashua inayotoka Msasani au Kunduchi na makuti, mirunda, mkaa, kreti za soda na magunia ya viazi. Panya mweusi wa paani si mwogeleaji wa kilomita nyingi. Anafika kisiwani kwa kubebwa. Makuti ndiyo usafiri anaoupenda, kwa sababu mafungu hulala ufukweni siku kadhaa kabla ya kupakiwa, na panya jike hupata humo mahali pakavu pa kuzalia. Tunapendekeza kanuni fupi ambayo nahodha anaweza kuikariri. Makuti yafunguliwe, yakung'utwe, yaanikwe juani juu ya chanja iliyoinuliwa, na yapakiwe siku hiyohiyo. Chakula chote kisafiri ndani ya ndoo au matenki ya plastiki yenye vifuniko. Gunia lisipande boti. Mchanga na udongo wa bara visivushwe kabisa, maana humo mna mbegu na sisimizi. Takataka za chakula zirudi bara jioni ileile, zikiwa zimefungwa. Boti isilale imefungwa kisiwani, na usiku ikae nangani, mbali na miti na mawe. Haya hayagharimu chochote zaidi ya ndoo na usimamizi, na tunashauri yaandikwe kama sharti kwenye leseni ya kupeleka wageni na kwenye mkataba wa kila mwenye banda.

Ombi la pili ni kujua kilichopo. Kisiwa kisichopimwa hakiwezi kulindwa. Njia ni rahisi, ni vihandaki vya mbao au plastiki vya urefu wa nusu mita, kila kimoja kikiwa na karatasi nyeupe, kibandiko cha wino wa rangi ya chakula uliochanganywa na mafuta, na siagi ya karanga katikati. Viwekwe kila mita 50, viachwe wiki nzima bila chambo ili panya wavizoee, maana panya hukiogopa kitu kipya. Kisha siagi hiyo iwekwe kama chambo kwa usiku tatu mfululizo, na kila anayepita ataacha nyayo za wino kwenye karatasi. Unyayo wa mbele wa panya una vidole vinne, wa nyuma vitano. Kaa huacha vitone na michirizi. Pembeni ya kila kihandaki utundikwe mche wa nta iliyochanganywa na karanga, kwa sababu meno ya panya huacha mifereji miwili iliyo sambamba, ilhali kaa huchana na kubomoa. Bila mtu aliyefunzwa kutofautisha, kaa atahesabiwa kuwa panya, au panya atapita kwa jina la kaa. Wataalamu wapo hapahapa nchini. Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, kimefanya utafiti wa panya kwa miongo kadhaa. Upimaji ufanyike mara mbili kwa mwaka, baada ya masika na kabla ya vuli, na katikati ya vipindi hivyo vihandaki vichache vibaki kudumu karibu na kila mahali boti zinapotua.

Ombi la tatu ndilo linalosahaulika kuliko yote, nalo ni kujiandaa kwa siku ile alama itakapoonekana. Mwaka 2004 watafiti wa New Zealand walimwachia panya dume mmoja, kwa makusudi, kwenye kisiwa kidogo kisicho na panya, akiwa amevalishwa redio. Walishindwa kumnasa kwa wiki 18, naye akaogelea mita 400 hadi kisiwa kingine. Huyo ni mmoja, anayejulikana, mwenye redio. Kwa hiyo tunaomba makasha ya dharura yawekwe tayari Kunduchi na Kigamboni, kila kasha likiwa na mitego 100 ya kubana, vituo 50 vya chambo vilivyoinuliwa juu ya vijiti ili kaa wasivifikie, vihandaki, miche ya nta, glavu, tochi, kifaa cha kupimia mahali, na ramani ya kisiwa yenye mistari. Timu ifike ndani ya saa 24. Mitego ianze mahali alama ilipoonekana na kusambaa kila mita 25, kisha kisiwa kizima kila mita 50, na isiondolewe mpaka miezi mitatu ipite bila alama mpya. Kutangaza kwamba kisiwa ni salama kusubiri miaka miwili.

Sumu inahitaji uangalifu wa pekee, na hapa tunaiomba Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu itoe kibali kabla ya dharura. Kibali kikisubiri panya aonekane, wiki zinazopotea ndizo anazohitaji kuzaa. Brodifakumu humuua panya kwa mlo mmoja, lakini siku tatu hadi kumi baadaye. Katikati ya siku hizo anatembea mchana akiwa dhaifu na kuokotwa na mwewe, kunguru au paka. Mizoga iokotwe kila asubuhi na kuchomwa. Kaa wa kisiwa kilichotiwa sumu wasiliwe kwa muda utakaotangazwa, kwa sababu sumu isiyowaua wao hubaki ndani ya nyama yao. Vidonge na sindano za vitamini K1, ambayo ndiyo kiuasumu chake, ziwepo kwenye kituo cha afya kilicho karibu, na wahudumu waelezwe mapema.

Kuhusu majira: kama ikibidi kuondoa panya kisiwani kwetu, dirisha pekee tulilonalo ni mwisho wa kipindi kikavu, Agosti na Septemba, wakati matunda yamepungua na mvua za vuli hazijaanza. Dirisha hilo linayumba. Vuli ya 2019 na ile ya 2023 zilikuja na mvua kubwa kupita kawaida, na mvua hulowesha chambo huku ikiotesha chakula kipya kwa panya. Mipango iwe na mwaka wa akiba, na mkataba wa kazi usimlazimishe mtaalamu kuendelea wakati mbingu zimekataa. Macquarie waliokoa mradi wao kwa kukubali kusimama. Wakati huohuo ardhi yenyewe inapungua. Maziwe, karibu na Pangani, kilikuwa kisiwa chenye mivinje na kasa wengi wanaotaga. Leo ni fungu la mchanga linalofunikwa na maji. Kadiri mahali pa kutagia panavyobanwa na bahari, ndivyo panya wachache wanavyotosha kumaliza kilichobaki.

Waheshimiwa, jambo hili leo limegawanyika mikononi mwa ofisi nyingi. Meli ni za mmoja, boti za mwingine, kisiwa cha wa tatu, sumu ya wa nne, na mabanda ya manispaa. Tunaomba ateuliwe afisa mmoja, kwa jina na namba ya simu itakayobandikwa Msasani, Kunduchi na Kigamboni, mwenye mamlaka ya kuzuia boti isiondoke na ya kufungua kasha la dharura bila kusubiri kikao. Tunaomba fedha zake zitengwe kutoka kwenye viingilio vya wageni wa visiwa hivyo, ili zisikatike mwaka wa bajeti ukiwa mgumu. Na tunaomba upimaji wa kwanza ufanyike kipupwe kinachokuja, matokeo yatangazwe kwa Kiswahili kwenye mbao za matangazo za vituo vya boti, na nakala wapewe manahodha.

Tuko tayari kufundisha wakaguzi na manahodha bila malipo, kwa siku mtakazopanga. Tunasubiri majibu yenu kwa maandishi kabla ya kusi kuanza.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Wakaguzi wa vyombo, wataalamu wa viumbe waharibifu na watunza visiwa,
Dar es Salaam